Neno Alilokwenda Nalo

Mume wangu alikuwa bakhili wa kitu kimoja tu: neno la siri la sava, ile kompyuta kuu ya kazini kwetu. Sote wawili tulifanya kazi katika ofisi ndogo ya safari za watalii, Mji Mkongwe. Yeye na sava, mimi na kompyuta za wafanyakazi. Ili kompyuta za hoteli yetu ya Matemwe zizungumze na sava bila mtu kudukiza, alitengeneza ufunguo wa siri, akaufungia ndani ya faili lisilofunguka bila neno lake. Kisha akatoa hati yenye jina lake, nami nikaitia katika kila kompyuta ili iitambue sava kuwa ni ya kweli. Hati ile aliipa miaka kumi. Umeme ukikatika, na ulikuwa haukawii kukatika, sava haiwaki mpaka aliandike lile neno.

"Na mimi nisilijue?" nilimwuliza.

"Ukilijua utacheka, bibi wee. Siku moja ntakwambia."

Homa ilimchukua kabla ya siku hiyo. Nikiwa katika eda, nyumbani Bububu, umeme ukakatika na sava ikazima. Karani wa ofisini, mwanamke mwenzangu, akaja kuniuliza neno. Nilimtajia jina la binti yetu. Kesho yake alasiri akarudi: "Limekataa, mwenzangu." Nikamtajia mtaa aliozaliwa mume wangu, mwezi tuliooana, hata jina la paka. Yakakataa yote. Ofisi ikarudi kwenye simu na karatasi. Wao walitaka sava iwake tu. Mimi nilikitaka kile kicheko. Aliniwekea kitu cha kuchekea na sikukipata, na hilo liliniuma kuliko nilivyoweza kumweleza mtu.

Eda ilipokwisha nilitengeneza ufunguo mpya na hati mpya, nikavitia katika sava badala ya vile vyake. Pa jina la mwenye hati nikaandika langu. Nikaanza Matemwe, kompyuta moja baada ya nyingine: nafuta hati yake, natia yangu, kompyuta inaniuliza kama naiamini, najibu ndiyo. Hati yake ilikuwa bado na miaka mingi mbele.

Ya mwisho ilikuwa ile ya mezani pake, mjini. Nikafuta, nikatia, nikajaribu kuiunganisha na sava. Ikafunguka papo hapo, kama kwamba mume wangu hakupata kuwepo. Ndipo nikalia mbele ya watu wote. Nilitaka igome, hata kidogo tu.