Mwalimu Katuni na Kitabu cha Kimya

Mwalimu Katuni hajui kutulia. Akifundisha Kijapani huzunguka toka dirishani hadi mlangoni, chaki mkononi, na wanafunzi humfuata kwa shingo mpaka ziwaume. Jina hilo walimpa wao, maana utafiti wake wote ni wa vitabu vya katuni vya Wajapani: kwa nini mchoraji aache ukurasa mzima bila neno, na kwa nini msomaji alie papo hapo. Mama yake huwaambia majirani kwamba binti anafundisha lugha, basi, kisha hubadilisha mazungumzo.

Wiki ile ndiyo hakukalika kabisa. Idara yao pale chuoni ilikuwa inapunguza masomo, na somo la katuni ndilo lililotajwa kwanza. Likifutwa, angebaki na sarufi ya wanaoanza, na utafiti wake wote ungekuwa kazi bure. Mkuu wa Idara, mzee mpole wa maneno machache, alimwambia, "Niletee kimoja nikisome mwenyewe, mwalimu. Siwezi kukata nisichokijua."

Akamchagulia anachokipenda kuliko vyote: maisha ya mke na mume, tangu harusi mpaka mke anapougua na kufa, na mume anabaki peke yake mezani. Hakina neno hata moja. Alimkabidhi mbio mbio, na alipofika nyumbani ndipo akakumbuka. Hakumwambia kwamba vitabu vya Kijapani hufunguliwa upande ambao sisi tunauita nyuma. Kila mwaka hilo ndilo somo lake la kwanza, na kwa Mkuu amelisahau. Alitaka kupiga simu, akaona haya. Mtu mzima yule utamfundishaje kufungua kitabu? Akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa, mpaka mama yake akasema, "Hebu kaa chini, mwanangu, unanitia kizunguzungu."

Kikaoni, Mkuu alikiweka kitabu mbele ya wajumbe.

"Kinaanza na mzee yuko peke yake mezani," alisema. "Halafu mkewe anarudi kutoka hospitali. Kila ukurasa anapata nguvu. Mwisho wanaoana. Mimi nasema somo hili libaki."

Wajumbe wakaitikia, mambo yakaisha.

Mwalimu Katuni alipaswa kufurahi. Lakini Mkuu alimzika mkewe mwaka uliopita, na mwalimu mwenyewe alikwenda msibani. Akinyamaza, amepona kwa kosa la mzee wa watu, na njia ya mwongo ni fupi. Akisema, anamuua mke yule mara ya pili. Alipima hivi, akapima vile, miguu ikaamua kabla yake. Akamfuata Mkuu koridoni.

"Samahani, Mkuu. Kosa ni langu, sikukueleza. Kitabu kile hufunguliwa upande wa pili. Umeanzia mwisho."

Mzee hakushangaa.

"Najua, mwalimu. Binti yangu alinionyesha, nikakisoma sawasawa kabisa." Alikuwa amekibana kitabu kwapani. "Ila nilipofika pale mume anapobaki mezani, sikuweza kukifunga. Nikaanza kurudi, ukurasa mmoja mmoja, mpaka nikamfikisha mama wa watu harusini. Nitakurudishia. Lakini si leo."