Tezo Zikinyamaza

Mama yangu, Mwelu, hajawahi kuona bahari. Alizaliwa Mwala, akaolewa Wamunyu na mchonga vinyago, na tangu hapo saa yake ikawa tezo ya Baba. Kibanda cha kuchongea kilikuwa nyuma ya jikoni. Tezo zikigonga, ko-ko, ko, Mama alichambua mbaazi. Zikinyamaza, alijua wachongaji wameketi, akawapelekea uji. Hakuna aliyewahi kumwita.

Baba alipofariki mwaka jana, Mama aliacha kupika. Nikamleta kwangu, Machakos mjini. Alikula kidogo nilichompa, kisha akakaa dirishani akitazama vilima vya Iveti.

Wakati huo nilikuwa nikifanyia kazi nyumbani. Watafiti wa ng'ambo walikuwa wakiifundisha akili unde kutambua mazungumzo ya nyangumi, nasi tuliowafanyia kazi tulisikiliza sauti zilizonaswa baharini na kuweka alama: huyu amenyamaza hapa, mwenzake amejibu hapa. Nyangumi hawa hawaimbi. Wanagonga tu, ko-ko-ko, ko, kama chuma juu ya mti mkavu.

Siku moja visikilizi vyangu vya masikioni viliharibika, nikaiacha sauti itoke kwenye kompyuta. Rekodi ilipokwisha, nikasikia sufuria jikoni. Mama alikuja na kikombe cha uji wa wimbi, akauliza leo wamechonga nini. Nikamwambia twiga. Nilidhani anamsikia Baba, nami sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Visikilizi vingine sikununua. Mama akaanza kupika tena, na kula.

Mwezi uliopita tuliarifiwa kwamba mashine sasa inaweka alama yenyewe. Rekodi zilikuwa za watafiti, nisingebaki nazo. Kukosa kazi hakukunitisha kama kile kimya. Rekodi ya mwisho ilipokwisha, nilimfuata Mama jikoni nikamwambia kuwa kuanzia kesho tezo hazitasikika.

Aliendelea kukoroga.

"Kalekye, unafikiri sijui kwamba si baba yako? Huyo wako ana haraka. Angekuwa anachonga twiga, masikio yangeshakatika."

Nikamuuliza basi uji wote ule ulikuwa wa nani.

"Mtu akinyamaza kazini hupelekewa uji," akasema. "Na wewe, tangu tumzike, umenyamaza sana. Shika, kabla haujapoa."