Doa Ambalo Hakuligusa

Mkaguzi huyu wa nyumba walimbandika jina la Shahidi, kwa kuwa ripoti zake zote zilianza na maneno yale yale: "Nimeona kwa macho yangu." Mkewe alimtania kwamba hata mchuzi haonji mpaka aukague kwanza. Miaka kumi na tisa alikuwa akipanda ngazi za watu na kutambaa darini, na goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumlipizia kisasi.

Mkunga mstaafu alipompigia simu kumwambia amepata nyumba ya kununua, hakuhitaji kumbembeleza. Ndiye aliyempokea binti wa kwanza wa Shahidi alipozaliwa.

"Ukisema ni nzuri, mwanangu, mimi naweka sahihi," alisema. "Paa mimi nalijua kwa chini tu."

Siku ya ukaguzi jua lilikuwa linachoma, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi mitatu. Vyumba vilinukia rangi mpya. Shahidi alipoingiza kichwa na mabega kwenye tundu la dari, joto la mabati likampiga usoni. Akamulika tochi. Kule mwisho, kwenye kona ya nyuma ambako mapaa mawili yanakutana, akaona doa la kahawia, pana kama sinia.

"Umeliona doa?" muuzaji aliuliza kutoka chini, kabla yeye hajasema lolote. "Hilo la zamani hilo. Fundi alishaziba."

Shahidi alijua la kufanya; hata wakaguzi wapya alikuwa akiwafundisha. Doa haliamuliwi kwa mbali. Unatambaa mpaka lilipo, unaligusa, unaweka kipima unyevu, halafu unafuata mbao kwenda juu kutafuta maji yanapoingilia, maana maji huingia huku yakadondokea kule. Unauliza fundi ni nani na aliziba lini. Na kama huwezi kufika, unaandika kwamba hukufika. Kiangazi hata paa bovu huwa kavu.

Lakini kipima unyevu kilikuwa garini, goti lilikuwa limevimba, na kona ilikuwa mbali. Akashuka, akakung'uta vumbi, akaandika: "Doa la zamani darini. Nimelikagua. Ni kavu, halina tatizo." Kalamu ilisita kwenye neno "nimelikagua", kisha ikapita.

Mvua zilipoanza, Mkunga alikuwa ana mwezi mmoja tu katika nyumba yake. Alipiga simu asubuhi, sauti yake ya kawaida kabisa. "Ukipata nafasi, mwanangu, pita uone."

Ubao wa dari wa chumba cha nyuma ulikuwa umeanguka karibu wote, na chini yake lilikuwapo sanduku lililopasuka kifuniko. Mkunga alikuwa ameketi sakafuni akibandua kurasa za madaftari yaliyolowa, moja moja, kwa ncha ya kisu. Kwa miaka thelathini na mbili alikuwa ameandika humo kila mtoto aliyempokea: siku, uzito, jina la mama. Wino ulikuwa umevuja, kurasa nzima zimekuwa samawati tupu.

"Karibu," alisema. "Angalia usiteleze."

Angemfokea, Shahidi angejua pa kushika. Ule upole ulimvua nguo.

Akapanda. Safari hii alitambaa mpaka kwenye kona, goti likilia. Msumari wa bati ulikuwa umelegea kwenye maungio, na maji yalikuwa yakitiririka juu ya boriti hatua mbili nzima kabla ya kudondoka. Pembeni, pale ubao ulipobaki, doa lilikuwa na duara ndani ya duara, kila msimu wa mvua umeacha ukingo wake. Mtu yeyote aliyelikaribia angejua kwamba halikuwa la zamani.

Akashuka, akasimama mlangoni na mikono michafu.

"Mama, siku ile sikufika pale. Nilimulika tu."

"Si uliandika umekagua?"

"Niliandika."

"Goti?"

"Goti, ndiyo. Lakini zaidi niliona haya kuandika kwamba sikufika. Mtu mzima, na jina hili wanaloniita."

Mkunga alibandua ukurasa mwingine. "Mimi nilipokuwa sijui mtoto amekaaje tumboni, nilisema sijui, daktari akaitwa. 'Sijui' haikuniua, wala haikuua mtoto wa mtu."

Shahidi alichuchumaa, akachukua daftari, wakabandua pamoja mpaka adhuhuri. Kesho yake alileta fundi wa mabati na akasimama naye juu ya paa mpaka msumari wa mwisho.

Wiki iliyofuata alipekua ripoti zake za zamani. Nne ziligusia madoa ya maji ambayo hakuyagusa. Akawaendea wenye nyumba mmoja mmoja. Watatu walimpandisha darini bila neno. Wa nne alimsema mbele ya majirani kwamba ni mwongo wa kusomea, na Shahidi akasubiri amalize, kisha akaomba ngazi.

Mwaka ulipopita, dada yake Mkunga naye alinunua nyumba, barabara ya pili tu kutoka kwa Shahidi. Ukaguzi ulifanywa na mtu mwingine. Siku hiyo ya ukaguzi Shahidi alikutana na Mkunga dukani, wakasalimiana vizuri, akaulizwa habari za binti yake. Kuhusu nyumba ya dada hakuna aliyesema kitu.

"Umefanya nini?" mkewe alimuuliza alipomwona amerudi na kukaa na mfuko wa sukari mapajani.

"Sijafanya kitu," alisema. "Nimekutana na Mkunga."

Mkewe akauchukua ule mfuko, asimtanie.