Meno Meusi ya Bibi Khamla

Bibi Khamla, jirani yangu, alilea watoto watano kwa mdomo wake. Alikuwa akichukua tonge la wali wa kunata, analitafuna pamoja na samaki mpaka linalainika, kisha analitia kinywani mwa mtoto. Meno yake yalikuwa meusi kwa tambuu, na yalivunja mfupa wa kuku. Ujanani mwake weusi huo ndio uliokuwa urembo; meno meupe yalikuwa ya mbwa.

Binti yake Boua alipovuka mto kwenda kutafuta kazi Thailand, alimwachia Vilay, mwanawe mchanga. Bibi alipoanza kumtafunia, wakaja watu wa afya, wakatukusanya wanawake penye hekalu na kutuambia kwamba mate ya mtu mzima yana vijidudu, kwa hiyo ni marufuku kumtafunia mtoto. Ampe nini badala yake, hawakusema. Hasira yangu iko hapo mpaka leo. Ukimnyang'anya mpishi mwiko, basi mpe upawa!

Bibi akaenda dukani, akanunua kopo la maziwa mazito ya sukari, yale ya kutilia kahawa, lenye picha ya ng'ombe aliyenona. Akayachanganya na maji, akatia kwenye chupa, na Vilay akawa analala nayo mdomoni. Mashavu yalijaa, mikono ikabaki vijiti. Kisha meno ya mbele yakaanza kuwa meusi.

"Njoo uone!" Bibi aliniita siku moja. "Hata tambuu hajaionja, keshanirithi meno!"

"Mchumba atampata wapi, Bibi? Siku hizi wanataka meupe."

"Nyamaza wewe na meupe yako, hata muwa unakushinda!"

Tukacheka.

Msimu wa mvua akaja Bi Phetsamone, mtafiti wa vyakula vya watoto wadogo, na ubao wa kupimia kimo na kioo kidogo cha kuchungulia meno. Alimlaza Vilay kwenye ubao, akapima, akapima tena.

"Ana umri gani, Bibi?"

"Miaka mitatu na ushei."

"Kimo chake ni cha mtoto wa mwaka na nusu." Alipomfungua mdomo, harufu ilinifikia nilipokaa. "Bibi, weusi huu si wa urembo. Yameoza mpaka kwenye fizi. Jana alikula nini?"

"Maziwa."

"Na juzi?"

"Maziwa. Mwanangu, si ninyi mlionikataza mdomo wangu?"

Bi Phetsamone aligusa uvimbe chini ya taya la mtoto, akasema apelekwe hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo.

Lakini mto wa njia ya wilayani ulikuwa umefunika daraja. Tulisubiri maji yapungue huku Vilay akiwaka homa, shingo ikivimba hata mate hayapiti. Tulipofika hospitali, alikufa mikononi mwa bibi yake. Jino! Mtoto kauawa na jino, na watu hawaniamini nikiwaambia.

Ikafika siku ya kuwalisha marehemu wetu, tunapofunga chakula walichokipenda kwenye majani ya mgomba na kukiweka chini kabla ya jua kuchomoza. Nilimpelekea Bibi kopo la maziwa, maana Vilay hakujua kingine.

"Liondoe hapa," akasema.

Akachukua tonge la wali na kipande cha samaki, akatia mdomoni. Alitafuna polepole, machozi yakimtiririka, mpaka likalainika. Akalitema kwenye jani, akafunga vizuri, akaliweka ardhini.

"Kula, mjukuu wangu," akasema. "Leo hakuna wa kunikataza."