Siku P Yangu Iliponipeleka Paris

Ukiwa sokoni Garissa ukasikia mtu akipaaza sauti, "Wali!" na mimi nikageuka, usishangae, ndilo jina langu siku hizi na nimelipata kihalali. Nilipozaliwa niliitwa Dekow, nafundisha jiografia katika shule moja hapa mtaa wa Galbet, na kama kuna mwanamume aliyewahi kujivika aibu kwa mikono yake miwili mbele ya ukoo mzima wa mkewe, basi mnaye hapa mbele yenu. Nawasimulia mwenyewe kwa sababu mkimsubiri shemeji yangu Nasra awasimulie ataongeza chumvi, na wallahi chumvi iliyomo inatosha.

Kwanza niwaambie habari ya P. Sisi Wasomali P hatunayo, tuna B, na B imetutosha tangu enzi za mababu. Lakini mimi nilipokwenda chuo cha ualimu huko Ukambani wenzangu walianguka kwa kicheko siku nilipoomba kipande cha "babai," nikaapa kwamba herufi hiyo nitaipata hata kama ni kwa kununua. Nikawa nashika karatasi mbele ya midomo na kusema papai, pilipili, paipu, mpaka karatasi inapepea. Nilirudi Garissa na P yangu kama mtu aliyerudi na gari jipya, nikawa namrekebisha kila mtu: mwenye duka, dereva, imamu mara moja (hiyo tuiache), na katika nyumba ya wakwe zangu nikajulikana kuwa mimi ndiye mwenye herufi kamili.

Sasa, kaka wa mke wangu, Bashir, anaishi Marekani, na mwaka jana akaamua kwamba mama yao, au Hooyo kama tunavyosema Kisomali, lazima apumzike kabla hajafa. Akasema atamchukua kwenye meli ya kitalii, zile ndefu kama mtaa mzima, zinazolala bandari hii leo na kesho nyingine, watu wanakula tu na kupiga picha. Zilikuwako safari mbili za kuchagua. Bashir akanitumia ujumbe wa sauti wa kila safari na kuniambia, "Mwalimu, wewe ndiye mtu wa ramani, msaidie Hooyo achague. Jumamosi nalipa, na nikishalipa haibadiliki."

Ujumbe wa kwanza niliusikiliza wote: meli inaanzia Uingereza, inagusa Paris, Ubelgiji, Uholanzi. Wa pili nikasikia Ugiriki, nikasikia visiwa, nikaona bado ni mrefu (shemeji yangu huyo akianza kuongea hata betri huomba msamaha), nikauzima. Huo, marafiki, ndio mlango ambao shetani aliingilia.

Wiki nzima nyumba ikawa ni ubishi wa bandari. Nasra, mdogo wa mke wangu, anauza nguo na kushinda mtandaoni akitazama video za watu walio kwenye meli hizo, kwa hiyo alijua kila kitu. Alitaka visiwa vya Ugiriki, ila akakiri kwamba kuna kimoja meli haifiki ukingoni, mnashushwa kwa mashua ndogo kisha mnapanda mlima juu ya punda.

"Punda?" akauliza Abti Gedi, binamu ya mama yao ambaye wao humwita abti, yaani mjomba, aliyekuja kutoka Eldas kwa ajili ya jambo hilihili. "Dada yangu avuke bahari akapande punda? Mimi nina punda sita." Yeye bandari aliipima kama kisima: kuna kivuli, kuna maji, na kuna jamaa? Akaongeza kwamba bandari isiyo na mtu wako ni mahali pa kunyweshea tu. Mke wangu Hodan alisema bora Dubai, wakamwambia Dubai ni Eastleigh ya Nairobi iliyowekewa lifti. Mimi nilikaa kimya kama hakimu, maana neno la mwisho lilikuwa la mama mwenyewe, na mimi ndiye niliyetumwa kulichukua.

Hapo pana jambo la kueleza. Kwetu mtu na soddoh, yaani mama mkwe wake, hawazoeani hivihivi. Ukikutana naye unainamisha macho, na akiwa na neno kwako hulisema kupitia pazia la mlango, tena kwa ufupi. Basi nikasimama nje ya pazia la Hooyo Dahabo nikauliza kwa adabu, "Hooyo, ungependa meli ikufikishe wapi?"

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Kisha sauti yake ikatoka ndogo kuliko kawaida, "Bari."

Basi. Neno moja. Mtu mwenye akili timamu angeuliza mara ya pili. Mimi niliona kuuliza tena ni utovu wa adabu, na zaidi ya hapo, nilishaelewa! Bari ninayoijua mimi ni ile ya Somalia, mashariki kabisa, na huko hakuna meli ya kitalii inayokwenda. Kwa hiyo maskini mama alitaka kusema Paris, P ikamshinda, na S ya mwisho akaimeza. Nikaondoka pale nikitabasamu kwa huruma. Mimi, Dekow, nikamwonea huruma Hooyo Dahabo!

Nikatangaza Paris. Nilitangaza nyumbani, nikatangaza kwa walimu wenzangu, nikatangaza msikitini viatu vikiwa bado mkononi. Kisha nikaona haitoshi, nikaenda kutengeneza bango. Kijana wa duka la kuchapisha akaandika HONGERA HOOYO, SAFARI NJEMA YA BARIS. Nikamfokea, nikampa somo la herufi, nikamfanya alichape upya. Mungu alinitumia ishara ya wazi kwa herufi kubwa nyekundu na mimi nikalipa nyongeza ili ifutwe.

Ijumaa baada ya alasiri uwanja wa nyumba ukajaa. Wakwe, majirani, walimu wenzangu kutoka bara, chai ya maziwa ya ngamia, sambusa. Nilikuwa nimeazima projekta shuleni na kutundika shuka jeupe, na juu ya shuka hilo bango langu. Bashir alikuwa kwenye skrini hiyo kutoka Marekani, uso mkubwa kama mlango, kando ya ramani ya safari. Nasra alishika simu akirusha kila kitu mtandaoni moja kwa moja. Nikavuta bango, likafunguka, watu wakapiga makofi.

Abti Gedi, ambaye kusoma si kazi yake, akamuuliza jirani limeandikwa nini. Jirani akamwambia, "Baris."

"Bariis?" akasema mzee kwa sauti iliyofika barabarani. Na kwa wasiojua Kisomali, bariis ni wali. Wali huu wa sahani. "Bariis iko hapa, jikoni! Mama hii ya nini kufuata wali na meli?"

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nikashika kipaza sauti kuwarekebisha, nikaitoa P yangu kwa nguvu zote, "PPParis!" ikalipuka kwenye spika, mtoto akalia, na mate (nasema ukweli wote leo) yakamfikia mwalimu mkuu.

"Lakini Paris haina bahari," akasema Nasra bila hata kuteremsha simu. "Hiyo ni biashara yao tu. Wanaandika Paris, wanakushusha mji mwingine kabisa, halafu masaa ndani ya basi. Nimeona watu wakilalamika."

Hapa ningeweza bado kuokoka. Ningesema, kweli, dada, asante. Lakini walimu wenzangu walikuwa wananitazama, na ulimi ukatangulia mbele yangu. "Mimi ndiye mwalimu wa jiografia!" nikasema. "Kuna mto! Mto wa Paris ni mpana, meli inapanda nao!" Nikageukia ramani kwenye shuka kuwaonyesha, nikaweka kidole Paris, nikakipeleka baharini, na kidole kikatembea, kikatembea, kikatembea, na kadiri kilivyotembea ndivyo watu walivyozidi kurefusha shingo.

Ndipo Hooyo Dahabo akasimama. Mwanamke ambaye katika miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kuzungumza nami uso kwa uso, akasimama katikati ya wanaume na wanawake, na akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, makusudi, ili hata wageni wasikose neno:

"Mwalimu. Mimi hapana sema Baris. Mimi nasema Bari. Bari ya Talyani. Dada yangu Maryan iko huko."

Nami, badala ya kunyamaza, nikamjibu mama mkwe wangu hadharani, "Hooyo, Bari iko Somalia." Mpaka leo nikilikumbuka jibu hilo huwa nafunga macho.

"Mwalimu," sauti ya Bashir ikatoka kwenye skrini, kwa upole kabisa, "kwani ujumbe wa pili hukuusikiliza? Meli ya pili inasimama Bari. Italia."

Nikarudi hatua nyuma. Mguu ukanasa waya, waya ukavuta projekta, mimi nikashika shuka ili nisianguke, shuka na bango vikaja vyote pamoja, na watu wakaniona nikigaagaa mavumbini nimeviringishwa kama sambusa, na juu ya tumbo langu neno moja tu linaonekana, PARIS, lenye P safi kabisa.

Lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu mama alikuwa bado amesimama na sasa alikuwa analia. Nikiwa bado ndani ya bango nikamsikia akisema mambo ambayo hata wanawe hawakuyajua vizuri. Mdogo wake Maryan alikwenda kufanya kazi za nyumbani Italia akiwa msichana. Wakawa wanapigiana simu. Nambari yake ilikuwa imeandikwa kwa mkaa ukutani, katika nyumba yao ya zamani karibu na mto, na Tana ulipofurika ukuta ukayeyuka na nambari ikaenda na maji. Tangu hapo hajui kama dada yake yu hai. Hakutaka kumsumbua mtu. Alisema tu jina la mji, akidhani linatosha. Aibu niliyoisikia wakati huo ilikuwa nyingine kabisa, si ile ya kuanguka.

Video ya Nasra ilizunguka. Wanafunzi wangu wakawa wananiamkia, "Shikamoo Mwalimu Wali." Nairobi wakaiona, London wakaiona, kuna mtu huko Bute aliweka P yangu kuwa mlio wa simu yake. Hodan alikuwa akinipakulia chakula huku mabega yanatikisika. Nilifikiria kuomba uhamisho, nikitafuta kwenye ramani mahali ambapo hakuna mtandao, na hata ramani kwa wakati huo sikuiamini.

Kisha jioni moja simu ya Nasra, ile ambayo nambari yake ameiweka mtandaoni kwa wateja wa nguo, ikalia, nambari ndefu ya ugenini. Ni sauti ya mwanamke kijana, Kisomali chake kina lafudhi ya Kitaliano, na alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa ametumiwa video ya mwalimu aliyeviringishwa ndani ya shuka, akaitazama ili acheke, na nyuma ya kicheko akamsikia mama mmoja akisema Bari, akisema Maryan. "Huyo mama ni nani?" akauliza. "Mama yangu anaitwa Maryan. Ameiona, amekaa chini hawezi kuinuka. Anasema sauti ile ni ya dada yake."

Nasra alipiga kelele mpaka majirani wakaja na marungu. Simu ikapelekwa nyuma ya pazia. Nilisimama uani nikasikia Hooyo Dahabo akisema "Maryan?" mara moja tu, na baada ya hapo hakuna aliyesikia neno, ni kilio na kicheko mpaka simu ikazima yenyewe. Abti Gedi akaja akanishika bega. "Wewe Wali," akaniambia, "wewe umeanguka fizuri sana." V nayo hatunayo, na sikumrekebisha.

Bashir akalipia safari ya pili. (Visa ni mkasa mwingine, na mwenye kuusimulia ni yeye.) Siku meli ilipotia nanga Bari tulijaa tena, safari hii sebuleni, simu ya Bashir ikitufikishia picha. Tukaona lango la bandari, watalii wenye kofia wakitoka haraka kwenda kupiga picha za makanisa, na kando yao mwanamke mnene mwenye hijabu ya bluu amekumbatia hotpoti, chombo cha kutunza chakula kikiwa moto, kama mtoto. Hooyo Dahabo, ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi mbili, alikimbia. Wallahi alikimbia. Hotpoti ikawekwa chini, na wale wawili wakashikana, na watalii wakawa wanawazunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Meli ilikuwa inaondoka jioni, na mchana kutwa hawakuona hata jengo moja la mji ule. Walikaa kwenye benchi la bandari. Hotpoti ilipofunguliwa, moshi ukapanda, na ndani yake mlikuwa na nini? Wali. Wali na nyama ya mbuzi, una zabibu na iliki.

Mama akamwambia Bashir amsogezee simu, akatutazama sote kwa mdomo uliojaa. "Mwambieni Mwalimu hakukosea," akasema. "Bariis iko!"

Nyumba ililipuka. Walininyanyua juu, mimi, kwa mabega, na kichwa changu kikagonga feni ya dari, na sikujali. Abti Gedi akatoa hukumu ya mwisho kuhusu bandari zote za dunia: ile ndiyo yenye kivuli, maji na jamaa, nyingine ni picha tu.

Tangu siku hiyo nimeweka nadhiri. Simrekebishi mtu B yake. Ujumbe wa sauti nausikiliza mpaka pumzi ya mwisho, hata wa Bashir. Na mtu akiniambia neno moja, namuuliza tena, adabu itanisamehe.

Juzi nilipita nje ya pazia, nikasikia likivutwa. Hooyo Dahabo akanitazama usoni, jambo ambalo sasa hulifanya bila wasiwasi, akasema, "Mwalimu, Maryan anasema kutoka kwake kuna treni. Mwaka huu tunataka Baris."

Nikainamisha macho, nikauliza, "Hooyo, mji au chakula?"