Kilichotakiwa ni Sahihi

Nyumbani walimwita Timazi, jina la uzi wa fundi wa kupimia kama ukuta umesimama wima, kwa kuwa tangu utotoni hakuweza kuona picha imening'inia upande akanyamaza. Alisomea uhandisi wa majengo, akaajiriwa, kampuni ikafungwa, akarudi kuishi kwa kaka yake. Wifi yake hakumsema vibaya. Ila kila asubuhi alimuuliza, "Wamepiga simu?" kwa upole uliouma kuliko matusi.

Hatimaye wakapiga. Ni kampuni yenye jengo refu kando ya barabara kuu, iliyokuwa ikitafuta mhandisi wa kulisimamia. Mara ya kwanza walimkalisha mapokezi hadi adhuhuri, kisha wakamwambia mkurugenzi amesafiri. Mara ya pili akasailiwa. Swali lilikuwa moja: nguzo ya chini imepata ufa wa mshazari, ripoti ungeiandikaje?

"Ningewatoa watu kwanza," alisema Timazi. "Ripoti baadaye."

Mkurugenzi akaigeuzageuza kalamu yake. "Hatujakuuliza habari za watu. Tutakupigia."

Wakati wa kutoka, mlango wa chumba kile ulikwama sakafuni. Akausukuma kwa bega ndipo ukafunguka.

Walimwita tena. Swali lile lile, limevalishwa nguo nyingine, naye akajibu vile vile. Safari hii mlango ulifunguka bila kelele, lakini ukingo wake wa chini ulikuwa umepigwa randa juzijuzi, mbao ikiwa bado nyeupe. Mlango haukuwa na kosa, akawaza Timazi; jengo ndilo linaloshuka.

"Samahani, mhandisi aliyekuwepo yuko wapi?"

"Aliacha kazi." Mkurugenzi akatabasamu. "Wewe unaishi na nani?"

"Naishi kwa kaka yangu."

"Basi tusisumbuane. Kazi umepata. Kuna ripoti inasubiri sahihi yako tu."

"Niione nguzo kwanza."

"Utaiona ukishasaini."

Akaomba muda wa kufikiri. Badala ya kutoka nje, akashuka ngazi hadi maegesho ya chini. Nguzo ya katikati ilikuwa imepigwa plasta na rangi mpya, na ufa ulikwisha kuchomoza juu ya rangi, mwembamba kama unywele.

"Dada, huku hakuruhusiwi," mlinzi akamwita.

"Kaka, unashinda hapa kutwa. Husikii kitu?"

Mlinzi akatazama ngazi kabla ya kujibu. "Jua likiwa kali, nguzo hiyo inalia. Wanasema ni mabomba."

"Si mabomba. Omba lindo lingine, tafadhali."

Alikwenda ofisi ya ukaguzi ya jiji. Wakamuuliza picha ziko wapi, wakaahidi kutuma mtu. Jioni akamwambia wifi yake, "Wamenipa kazi. Nimeikataa." Kaka yake akaacha kula. Alipoelezwa, hakumgombeza.

Asubuhi Timazi alisimama mbele ya jengo. Kijana aliyenyoosha shati vizuri akaja na bahasha ya vyeti. Timazi akamzuia, akamweleza yote.

Kijana akacheka. "Mbinu hiyo naijua, dada. Nafasi ni moja, eti?"

Akaingia. Wiki ile ile akaajiriwa, na ripoti ikasainiwa. Mkaguzi wa jiji alipofika, alionyeshwa sahihi, akanywa chai, akaenda zake.

Timazi sasa anasimamia mitaro ya maji upande wa pili wa mji. Jengo bado limesimama, taa zinawaka kila ghorofa. Lori zito likipita, mikono yake hukoma kufanya chochote inachofanya, naye husikiliza.