Siku Niliyopima Stendi ya Kinanda

Wiki jana, dukani Kitale, nilimwona mama mmoja akitikisa stendi ya kinanda, nikacheka peke yangu. Mama yangu, aliyefundisha kwaya kanisani kule Lugulu, hakuridhika na kutikisa. Nilipokuwa mtoto mdogo, katika duka kama hilo, lililonukia ubani, alininyanyua akaniketisha juu ya stendi.

"Kinanda chetu ni kizito kama huyu," alimwambia mwenye duka.

Stendi haikuyumba. Mwenye duka alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, nami nikaamini ninauzwa. Nikaimba kwa sauti mbovu makusudi, ili asinitake.

"Si umshushe, mama!" akasema, ameziba masikio. "Stendi ni ngumu, bana."

Mama aliikunja, akaitia begani, akanishika mkono. Niliimba vizuri njia nzima mpaka Lugulu.